Kijiji Kwanza: Kufuatilia Ukoo wa Wahamiaji Wapolandi kwa Vitabu vya Kanisa na vya Serikali

Anayetafuta mababu wa Kipolandi mara nyingi huanza kwa kuandika jina la ukoo kwenye mtandao pamoja na neno Polandi. Anapata majibu maelfu, hajui ashike lipi, anaacha. Tatizo ni kwamba hakuna daftari moja la taifa lenye majina ya Wapolandi wote wa karne ya 19. Lisingeweza kuwepo, kwa sababu nchi yenyewe haikuwa kwenye ramani. Kati ya 1772 na 1795 Urusi, Prussia (dola la Kijerumani) na Austria ziliigawana yote, na haikurudi kuwa dola huru mpaka 1918. Wahamiaji wengi waliokwenda Marekani waliondoka katika kipindi hicho. Kuzaliwa kwao, ndoa za wazazi wao na vifo vya babu zao viliandikwa parokia kwa parokia, na vitabu vya parokia hizo ndivyo unavyovitafuta.

Kwa hiyo kabla ya yote unahitaji jina la kijiji, na baada yake jina la parokia iliyohudumia kijiji hicho. Kila hatua hapa chini inatumikia hilo. Nimechukua wahamiaji wa Chicago kuwa mfano mkuu, kwa kuwa ndugu zetu wengi walioko Amerika Kaskazini wameoana na familia za asili hiyo, na watoto wanauliza habari za upande wa pili. Mwishoni nitazungumzia Wapolandi waliopitia makazi ya wakimbizi ya Tengeru, Masindi na Koja hapa Afrika Mashariki, maana njia yao ni tofauti kidogo.

Hatua ya 1: Wazee na masanduku ya nyumbani

Waulize wazee walio hai kabla ya kufungua kompyuta. Ila usiwaulize "tunatoka wapi Polandi?" Watajibu Warsaw au Kraków, kama vile mtu wa Marangu anavyomwambia mgeni kwamba anatoka Moshi. Uliza mambo madogo zaidi: gulio lilikuwa mji gani, kanisa lilikuwa la mtakatifu nani, barua zilitumwa kwa nani, ndugu gani alibaki. Jina la mahali liandike jinsi lilivyotamkwa, bila kulisahihisha. Matamshi yaliyopinda ya bibi yamewahi kumfikisha mtu mahali sahihi kuliko jina safi alilolibuni mjukuu.

Kisha pekua vitabu vya sala, kadi za mazishi, vyeti vya ubatizo, nyuma ya picha (mpiga picha huandika mji wake), na mawe ya makaburi. Chukua picha za kila kitu, pande zote mbili.

Hatua ya 2: Maliza kwanza nchi waliyohamia

Hapa ndipo wengi huharakisha, na haraka hiyo huwagharimu. Jina la kijiji karibu kila mara limeandikwa Marekani mahali fulani, katika karatasi ambayo hakuna mtu wa familia aliyewahi kuifungua.

Sensa itakupa picha ya nyumba nzima. Fomu zenye majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, na za 1950 zilifunguliwa 2022. Za 1890 karibu zote zilipotea kwa sababu ya moto wa 1921. Sensa za 1900 hadi 1930 huonyesha pia mwaka wa kuingia nchini na kama mtu alishapata uraia. Usibabaike babu akiandikwa mzaliwa wa Urusi mwaka mmoja, na mzaliwa wa Polandi miaka ishirini baadaye. Karani aliandika dola lililotawala kijiji chake, na jambo hilo utalihitaji sana katika hatua ya 4.

Kwa upande wa uraia, tarehe ya kukumbuka ni 27 Septemba 1906. Kuanzia hapo fomu zilifanana nchi nzima, zikauliza mahali pa kuzaliwa, meli, tarehe ya kufika, mke na watoto. Za kabla yake mara nyingi ni fupi mno, lakini hata hizo zina neno moja la thamani: mwombaji alitakiwa kumkana mtawala wake kwa cheo, yaani mfalme mkuu wa Urusi, wa Ujerumani au wa Austria. Kuhusu wanawake, hadi 1922 mke alifuata uraia wa mumewe, hivyo habari za bibi zitafute katika faili la babu.

Orodha za abiria zinafuata. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, ilifunguliwa Januari 1892, na kabla yake walipokelewa Castle Garden kuanzia 1855 hadi 1890. Kuanzia 1907 orodha za kuingia Marekani ziliuliza jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Safu hiyo ni dhahabu, kwa sababu hapo utakuta "baba, fulani," na kijiji. Bandari za kuondokea nazo ziliandika: orodha za Hamburg za 1850 hadi 1934 zimehifadhiwa na zinataja makazi ya mwisho ya abiria, ilhali za Bremen nyingi zimepotea. Na tuiache ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island walibadilisha majina ya watu. Wao walifanya kazi na orodha iliyoandikwa bandari ya kuondokea. Majina yalibadilika baadaye, kiwandani, shuleni, mahakamani, na mara nyingi kwa hiari ya wenyewe. Wojciech akawa Albert au George, Stanisław akawa Stanley, Władysław akawa Walter, Czesław akawa Chester. Ukitafuta meli, tumia jina la Kipolandi.

Mimi, nikilazimika kuchagua karatasi moja tu ya Marekani, huchagua kitabu cha ndoa cha parokia ya Kipolandi. Chicago ilikuwa na nyingi. Ya kwanza, Mtakatifu Stanislaus Kostka, ilianzishwa 1867 na ikakua kuwa miongoni mwa parokia kubwa kabisa Marekani. Cheti cha ndoa cha serikali kiliridhika na neno "Ujerumani" au "Polandi". Padre Mpolandi, ambaye alijua tofauti ya vijiji, mara nyingi aliandika parokia za nyumbani za bwana na bibi harusi. Tena kuna jambo ambalo Mkatoliki wa Afrika Mashariki atalielewa mara moja: ukitaka kufunga ndoa, paroko anadai cheti kipya cha ubatizo, na ndoa ikishafungwa taarifa inapelekwa parokia uliyobatizwa iandikwe pembeni ya jina lako. Utaratibu huo ulianza kutumika kwa nguvu Pasaka ya 1908, kwa amri ya Roma iitwayo Ne temere. Kwa hiyo ndoa za baada ya hapo zina nafasi nzuri zaidi ya kutaja mahali pa ubatizo, na kule Polandi unaweza kukuta, pembeni mwa ubatizo wa mwaka 1889 tuseme, maneno machache kwamba huyu alioa Chicago. Vitabu vingi vya Jimbo Kuu la Chicago vya kabla ya 1925 vimepigwa picha na FamilySearch, tovuti ya rekodi za koo, na kuvisoma ni bure.

Angalia pia wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa. Hawakuokotwa barabarani. Mara nyingi ni ndugu au majirani waliotoka kijiji kilekile, na ikiwa karatasi za babu yako zimenyamaza, za msimamizi wake huenda zikasema.

Mengine nitayataja kwa haraka. Kadi za usajili wa jeshi za 1942 kwa wanaume wenye umri mkubwa huuliza mahali pa kuzaliwa. Maombi ya namba ya hifadhi ya jamii, yaliyoanza 1936, yana majina ya wazazi wote wawili. Vyama vya kusaidiana kama Polish Roman Catholic Union (1873) na Polish National Alliance (1880) viliwakatia wanachama bima ya maisha. Dziennik Chicagoski, gazeti lililotoka 1890 hadi 1971, lilichapa matangazo ya vifo. Na zaidi ya vijana 20,000 wa Marekani walijiunga na jeshi la Kipolandi la Jenerali Haller kuanzia 1917. Fomu zao za kujiunga zinauliza habari za kuzaliwa na za ndugu.

Hatua ya 3: Kijiji kwenye ramani, kisha parokia

Umepata jina. Sasa kuwa mtulivu, maana vijiji viitwavyo Nowa Wieś au Dąbrowa ni vingi sana, na vimetapakaa nchi nzima. Usichague kilicho karibu na Warsaw kwa sababu tu kimetokea juu ya orodha. Tafuta jina la pili la kukisindikiza: wilaya, mji wa gulio, parokia, au jina la kijiji jirani kutoka karatasi ya mwanakijiji mwenzake.

Kitabu kikubwa cha kazi hii ni Słownik geograficzny Królestwa Polskiego, kamusi ya mahali iliyochapwa kati ya 1880 na 1902, na picha za kurasa zake zipo mtandaoni bure. Haiishii kwenye sehemu ya Urusi ingawa jina lake linadokeza hivyo. Kila kijiji kina maelezo mafupi, na mara nyingi parokia yake imetajwa. Kwa vijiji vilivyokuwa chini ya Prussia, tovuti ya Kartenmeister inaunganisha jina la Kijerumani na la Kipolandi. Kumbuka kwamba vijiji vingi havikuwa na kanisa. Watu walitembea kwenda kijiji cha tatu au cha nne kubatiza, na kitabu kimehifadhiwa kwa jina la kijiji hicho chenye kanisa.

Hatua ya 4: Jua nani alitawala, ujue kitabu kikoje

Sehemu ya Urusi, yaani Warsaw, Łódź, Lublin, Kielce na jirani zake. Sheria ya Napoleon ilianza kutumika huko 1 Mei 1808 (Lublin na Kielce ilifika 1810), na ikaleta uandikishaji wa kiserikali. Kuanzia 1826 kazi hiyo iliunganishwa na ya kanisa, paroko akawa pia mwandikishaji wa serikali kwa Wakatoliki, na dini nyingine zikapata vitabu vyake. Rekodi haina safu. Ni aya ndefu inayosimulia: ilitokea mahali fulani, siku fulani na saa fulani, alifika fulani, mkulima, mwenye umri wa miaka kadhaa, pamoja na mashahidi wawili, akatuonyesha mtoto... Hadi 1867 aya hiyo iko kwa Kipolandi. Kuanzia 1868, baada ya uasi wa Wapolandi wa 1863 kushindwa, iko kwa Kirusi hadi vita vya kwanza vya dunia. Usikate tamaa ukiona herufi za Kirusi. Mara nyingi karani aliongeza jina kwa herufi za Kipolandi ndani ya mabano, kwa hiyo pitisha jicho ukitafuta mabano. Tarehe ni mbili, ya kalenda ya zamani na ya kalenda yetu, zikitofautiana siku 12 katika karne ya 19 na 13 baada ya Februari 1900. Chukua ya pili.

Eneo hili lina hazina ambayo watu huisahau: alegata, yaani viambatisho vya ndoa. Bwana harusi aliyetoka parokia nyingine alileta nakala ya ubatizo wake, na mjane alileta cheti cha kifo cha mwenzake. Mahali ambapo kitabu cha ubatizo kiliungua vitani, nakala iliyobaki kwenye alegata za parokia nyingine huenda ndiyo pekee iliyopo duniani.

Sehemu ya Austria, yaani Galicia: Kraków, Tarnów, Rzeszów, Lviv. Hapa kuna safu na Kilatini, chini ya utaratibu wa mwaka 1784. Jan ni Joannes, Wojciech ni Adalbertus. Kitu cha pekee ni namba ya nyumba. Kwa namba hiyo unaweza kukusanya watoto wote waliozaliwa chini ya paa moja, ila angalia, namba zilibadilishwa kila baada ya muda. Kadiri karne ya 19 inavyosonga, safu ya wazazi huanza kutaja babu na bibi pia, kwa hiyo ubatizo mmoja unakupa vizazi vitatu. Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki wana vitabu vyao, na katika ndoa za mchanganyiko itabidi utafute pande zote mbili.

Sehemu ya Prussia, yaani Poznań, Pomerania na Silesia. Vitabu vya kanisa viko kwa Kilatini au Kijerumani, na baadhi kwa Kipolandi. Juu yake, tangu 1 Oktoba 1874, ofisi za serikali ziliandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa fomu za Kijerumani. Fomu ya ndoa inataja wazazi wa pande zote na makazi yao.

Ikiwa familia ilikuwa ya Kiyahudi, pitia JRI-Poland mapema, kwani shirika hilo limeorodhesha rekodi za Wayahudi kwa miaka mingi na kwa umakini.

Hatua ya 5: Kufungua vitabu

Anza na Geneteka, faharasa ya bure ya Polskie Towarzystwo Genealogiczne inayojazwa na watu wa kujitolea. Unachagua mkoa, kisha parokia, kisha unaandika jina la ukoo. Ukiongeza jina la ukoo la mama, orodha ya mamia hupungua ikawa familia moja. Kabla ya kusema "hawapo", soma ni miaka ipi ya parokia hiyo imeingizwa, maana mara nyingi kuna pengo la miaka mingi. Kwa ndoa za eneo la Poznań kati ya 1800 na 1899 tumia Poznan Project. Picha za kurasa zenyewe ziko Szukaj w Archiwach, tovuti ya hifadhi za taifa, na pia Metryki na FamilySearch. Pale ambapo hakuna faharasa ya mtandaoni, fungua kurasa za mwisho za kila mwaka, ambapo karani aliweka orodha ya majina.

Tafuta bila kushikilia tahajia. Mwanaume ni -ski, mkewe ni -ska. Mke anaweza kuandikwa kwa -owa na binti kwa -ówna. Herufi ł ilisomwa l au t na makarani wa Marekani, na ż ikawa z. Umri nao usiuamini sana. Mtu aliyesema Chicago kwamba alizaliwa 1880 mtafute kuanzia 1875 hadi 1885.

Unaposoma rekodi ya aya, usijaribu kutafsiri kila neno mara ya kwanza. Kusanya rekodi kumi za karani huyohuyo, uziweke pamoja, uone maneno yanayorudi mahali palepale. Baada ya hapo zilizobaki ni majina, umri na vijiji tu. Namba zimeandikwa kwa maneno, kwa hiyo jifunze kuhesabu hadi mia kwa lugha husika, kazi ya jioni moja au mbili.

Hatua ya 6: Hakikisha ni wenu

Kijiji kimoja kinaweza kuwa na wanaume watatu wenye jina moja na umri mmoja. Jina na mwaka havitoshi. Kinachotofautisha ni jina la ukoo la mke, namba ya nyumba na wasimamizi. Jenga familia yote: tafuta ndoa ya wazazi, watoto wote, na vifo vya waliokufa wadogo. Mtoto aliyebatizwa jina la babu yako akafa na miezi minane si babu yako, hata kama kila kitu kingine kinalingana, na huenda jina hilo lilipewa mdogo wake aliyezaliwa baadaye. Mti wa mtu mwingine mtandaoni uchukue kama fununu, na kila mstari wake uupeleleze hadi kwenye ukurasa wa kitabu.

Hatua ya 7: Kuandika barua Polandi

Kwa sheria ya Polandi, vitabu vya vizazi hukaa ofisi ya usajili wa kiraia (Urząd Stanu Cywilnego, kwa kifupi USC) miaka 100, na vya ndoa na vifo miaka 80, ndipo huhamishiwa hifadhi ya taifa. Ukiandikia USC, ambatisha vyeti vinavyoonyesha wewe ni wa ukoo huo, na uombe nakala kamili, odpis zupełny, kwani ile fupi huacha habari nyingi. Hifadhi za taifa zinapokea barua pepe na hutaja gharama kabla ya kutuma. Maparoko ni habari nyingine: hawalazimiki kukutafutia. Andika kwa Kipolandi chepesi, ukurasa mmoja, uulize mtu mmoja tu, na uweke sadaka kwa ajili ya parokia. Vitabu vya zamani mara nyingi vimeshapelekwa hifadhi ya jimbo, na paroko atakuelekeza huko.

Waliopitia Afrika Mashariki

Wapolandi wa Tengeru hawakuwa wahamiaji wa kutafuta kazi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwapeleka kwa nguvu Siberia na Kazakhstan. Baada ya mkataba wa Polandi na Wasovieti wa 30 Julai 1941 wakaachiliwa, na 1942 maelfu walivushwa hadi Iran pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders. Kutoka huko, wanawake, watoto na wazee takriban 18,000 waliletwa Afrika ya mashariki na ya kusini. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa makazi makubwa kuliko yote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Uganda kulikuwa na Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya karibu na Masindi, ambako kanisa walilolijenga bado linatumika. Tanganyika kulikuwa pia na Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro.

Ukiwa jirani na makaburi ya Tengeru au ya Koja na umeombwa msaada na familia ya mbali, piga picha kaburi lote na maandishi yote, si jina peke yake. Tarehe ya kuzaliwa, na pengine mahali, ndivyo wanavyovihitaji kwanza. Waelekeze pia Indeks Represjonowanych, orodha ya mtandaoni ya waliokamatwa na kuhamishwa na Wasovieti. Nyaraka za serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni ziko Polish Institute and Sikorski Museum, London, na Hoover Institution, California. Kama familia iliishia Australia, waulize kuhusu meli General Langfitt, iliyotoka Mombasa na kufika Fremantle Februari 1950 ikiwa na Wapolandi zaidi ya 1,100. Hifadhi ya taifa ya Australia ina mafaili ya wahamiaji wa kipindi hicho.

Vijiji vyao vingi sasa viko Ukraine, Belarus au Lithuania, kwa hiyo ukiandikia ofisi ya wilaya ndani ya Polandi ya leo utaambiwa hakuna kitu. Sehemu ya vitabu vya mashariki iliokolewa ikapelekwa Warsaw: vyenye chini ya miaka 100 viko ofisi ya usajili ya jiji hilo, na vya zamani viko AGAD, hifadhi kuu ya nyaraka za kale jijini humo, ambayo imeweka vingi mtandaoni. Ambavyo havipo huko, andikia hifadhi za Lviv, Minsk au Vilnius. Katika barua taja kijiji, parokia, na mkoa wa Polandi kama ulivyoitwa kabla ya 1939.